Bustani ya Nyumbani na Wadudu Wachavushaji: Hoja Kutoka Ruaha, Kilosa

Msafiri ashukaye kutoka mji mdogo wa Mikumi kuelekea Kidatu hupita Kidodi, akiiacha milima ya Vidunda upande wa kulia, na baada ya muda si mrefu huingia katika bahari ya miwa. Kilimo hicho kilianza katika bonde hili miaka ya 1960, nacho kimeendelea kupanuka, kwanza kwa mashamba ya kiwanda na baadaye kwa mashamba ya wananchi wanaoitwa wakulima wa nje. Mji wa Ruaha, ulio kando ya mto Ruaha Mkuu katika Wilaya ya Kilosa, umezingirwa na zao hili karibu kila upande. Hapana sababu ya kulilaumu: muwa umejenga nyumba na kusomesha watoto. Walakini kwa mdudu atafutaye ua, shamba la miwa ni jangwa la rangi ya kijani.

Sababu yake ni rahisi. Muwa ni jamii ya nyasi. Hupandwa kwa vipande vya shina, na hata unapochanua chavua yake huchukuliwa na upepo, kwa hiyo haukuumbwa na nekta wala petali za kumwita nyuki. Isitoshe, kabla ya kukatwa shamba huchomwa moto ili majani makavu yateketee, na pamoja nayo huteketea magugu ya pembeni yaliyokuwa yamechanua. Mahindi na mpunga, ambavyo ndivyo chakula kikuu cha nyumba nyingi za Ruaha, navyo havihitaji mdudu. Mahindi huchavushwa na upepo, na ua la mpunga kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Mtu aweza basi kuishi bondeni humo miaka mingi akidhani kwamba habari za nyuki na vipepeo ni mambo ya kupendezesha vitabu tu.

Dhana hiyo huvunjika mtu akitazama nyuma ya nyumba. Huko ndiko kuliko na maboga, matango, nyanya chungu, bilinganya, mbaazi, mpapai mmoja au miwili, mwembe, pengine mpesheni uliotambaa juu ya uzio. Karibu kila mmea katika orodha hiyo hupata faida kutoka kwa mgeni mwenye mabawa, na baadhi haviwezi kuzaa kabisa bila yeye. Kwa maneno mengine, wanga wa Ruaha hutoka kwa mimea isiyohitaji wadudu, bali mboga, matunda na sehemu kubwa ya vitamini hutoka kwa ile inayowahitaji. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES, lilitoa taarifa kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani, ingawa kwa uzito wa mavuno sehemu yao ni asilimia 35 tu. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo tofauti ya shamba la mbele na bustani ya nyuma pale Ruaha.

Tuchukue mfano wa boga, maana hakuna mwalimu bora zaidi. Mboga huchanua maua ya aina mbili juu ya shina lile lile. Ua la kiume limekaa juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua la kike lina kiboga kidogo chini ya petali zake hata kabla halijafunguka. Yote mawili hufunguka alfajiri na hunywea kabla ya adhuhuri, na ua lililofumba halifunguki tena. Chavua ya mboga ni nzito na yenye kunata. Upepo hauwezi kuibeba. Hapana budi mdudu aingie katika ua la kiume, atoke akiwa na vumbi la manjano mwilini, kisha aingie katika ua la kike, na yote hayo yatendeke katika saa chache za asubuhi moja. Tena si punje moja ya chavua itakiwayo: kila mbegu ndani ya boga ni matokeo ya punje yake yenyewe, na boga moja lina mbegu mamia. Ndiyo maana tunda lililochavushwa nusunusu huwa dogo au hupinda upande mmoja, kama lionekanavyo mara nyingi tango sokoni, na lile lisilochavushwa kabisa hugeuka manjano, likaoza nchani na kudondoka likiwa na ukubwa wa yai.

Kudondoka huko ndiko kunakolalamikiwa sana. Watu husema ni jua kali, au mbolea haba, au kijicho cha jirani. Jua na mbolea huweza kuwa na sehemu yao. Lakini mara nyingine jibu limo katika bomba la dawa. Mkulima aonapo mbawakawa wekundu juu ya majani ya mboga huamka mapema, wakati wa ubaridi, akapulizia dawa saa ile ile ambayo maua yamefunguka na nyuki wamo ndani. Amewaua wadudu wawili kwa pigo moja, adui na mtumishi, na wiki moja baadaye hushangaa kwamba majani ni mazima ila hakuna boga. Kama ni lazima dawa ipulizwe, yafaa ipulizwe jioni, maua ya siku hiyo yakiwa yamekwisha kufumba. Hata hivyo ziko dawa ambazo saa hazizisaidii, kwa kuwa huingia katika utomvu wa mmea na kutokea katika chavua na nekta. Kwa ajili hiyo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya aina tatu za neonikotinoidi. Katika masoko mengi ya vijijini, ambako dawa hupimwa kutoka chupa kubwa na kutiwa katika kichupa kisicho na maandishi, mnunuzi hawezi hata kujua anashika nini mkononi. Hapo mlaji ana haki ya kuogopa, licha ya nyuki.

Sasa, mara linapotajwa suala la uchavushaji katika mikutano, pendekezo la kwanza huwa ni mizinga. Kila shule iwe na mizinga, kila kijiji kiwe na kikundi cha ufugaji nyuki. Pendekezo hilo lina nia njema, na asali na nta ni mali. Mizinga ina faida nyingine zisizotarajiwa: utafiti wa Lucy King nchini Kenya umeonyesha kwamba tembo huyakimbia makundi ya nyuki, na uzio wa mizinga umekwisha kutumika kulinda mashamba pembezoni mwa Tsavo na vilevile kando ya milima ya Udzungwa, ng'ambo ya pili ya Ruaha Mkuu. Hata hivyo, kuuchukua mzinga kuwa ndio dawa ya uchavushaji ni kosa, na kosa hilo lafaa kusemwa wazi.

Kwanza, nyuki wa asali wa Afrika si mnyama wa kuwekwa dirishani mwa darasa. Akichokozwa hushambulia kwa makundi, na uwanja wa nyumba za Ruaha ni mdogo, una watoto, mbuzi na majirani. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, nyuki wa asali ni mmoja tu kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zijulikanazo duniani. Wengi wa hao hawana malkia wala mzinga; kila jike hujichimbia shimo lake ardhini au hutafuta tundu katika ufito, akaweka humo chavua na mayai, akafa. Mwaka 2013 Lucas Garibaldi wa Argentina na wenzake wengi walitangaza matokeo ya kulinganisha mifumo 41 ya mazao katika mabara mbalimbali. Waliona kwamba wadudu wa porini waliongeza uzazi wa matunda popote walipokuwapo, hata pale ambapo nyuki wa kufugwa walikuwa tele. Nyuki wa asali waliongeza uzazi kwa kiasi cha kuonekana katika asilimia 14 tu ya mifumo hiyo. Mzinga, basi, haukamati nafasi ya pori.

Bustani ya Ruaha yenyewe yatoa ushahidi. Ua la nyanya, la bilinganya na la nyanya chungu halina nekta, na chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, kama chumvi ndani ya kitunguchumvi. Ili itoke, sharti ua litikiswe kwa mtetemo wa kasi. Nyuki wakubwa weusi, wale watobao matundu katika boriti na kuleta vumbi la mbao sebuleni, hulikumbatia ua, hufungasha mabawa, na kutetemesha misuli ya kifua mpaka mvumo usikike hatua kadhaa. Chavua humwagika tumboni mwao. Wako pia nyuki wa wastani, wenye mistari ya buluu iliyopauka, wakaao ardhini, ambao wana ufundi huo huo. Nyuki wa asali hana. Anaweza kutua juu ya ua la bilinganya na kuondoka karibu mikono mitupu. Nyanya hujisaidia kwa kutikiswa na upepo. Bilinganya hupata shida zaidi. Hao nyuki weusi ndio pia wachavushaji wakuu wa pesheni ya manjano, ambayo ua lake halikubali chavua ya mmea wake lenyewe, na ambayo stigma zake ziko juu mno kuguswa na mgongo wa nyuki mdogo. Nao ndio watu huwaziba matundu yao kwa udongo na mafuta ya taa. Boriti ya paa yastahili kulindwa, hakuna ubishi. Gogo kavu la mti laini likitundikwa kwenye kivuli cha uzio huwapa makao mengine, nayo ni kazi ya nusu saa.

Mpapai una habari ya pekee. Miti yake mingi ni ama ya kiume ama ya kike, na maua yake meupe hutoa harufu jioni. Mchana mtu akikaa chini yake hataona jambo la maana, ndipo wengi wakafikiri kwamba mpapai huchavushwa na upepo. Uchunguzi uliofanywa na Dino Martins na Steven Johnson katika bonde la Kerio nchini Kenya, ukatolewa mwaka 2009, ulithibitisha kwamba kazi hufanywa magharibi jua likizama, na nondo wenye mwendo wa kasi, wenye ulimi mrefu, wanaosimama hewani mbele ya ua mithili ya ndege chozi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mashamba ya mipapai yaliyokuwa karibu na vichaka vya asili yalipata nondo wengi kuliko yaliyo mbali. Nondo hao katika utoto wao ni viwavi, na viwavi hula majani ya mimea ya porini. Mwenye mpapai akifyeka kila kichaka kuuzunguka uwanja wake amewanyima chakula watoto wa mchavushaji wake mwenyewe. Mpapai mrefu, wenye afya, wa kike, usiozaa kitu hukatwa kwa hasira, kumbe haukuwa na kosa.

Kisa cha michikichi kitafaa kwa wale wanaosema kwamba mambo haya ni madogo. Mchikichi asili yake ni Afrika, na Kigoma haujapata kuhitaji msaada wowote wa kuzaa. Ulipopelekwa Malaysia ukafanywa zao la taifa, ulizaa vibaya, na kwa miaka mingi makampuni yalilazimika kuajiri vibarua wa kwenda mti kwa mti kupulizia chavua kwa mikono. Hatimaye iligundulika kwamba mchavushaji ni fukusi mdogo, naye alibaki Afrika mbegu ziliposafirishwa. Mwaka 1981 fukusi hao waliletwa Malaysia kutoka Kamerun, wakaachiliwa, na uzazi wa matunda ukapanda kiasi kwamba kazi ya mikono ilikomeshwa. Taifa zima lilikuwa likilipa mishahara kwa kazi ambayo mdudu asiyefika ukubwa wa punje ya mchele alikuwa akiifanya bure nyumbani kwao.

Turudi Ruaha. Nyuki wadogo wa ardhini na wale wasiouma hawaruki mbali. Wengi wao mwendo wao ni mita mia chache tu kutoka kwenye tundu. Nyuki wa asali aweza kuvuka kilometa kadhaa za miwa, wao hawawezi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, na ile ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ni hazina mbili kubwa za wachavushaji, lakini hazina isiyofikika haimfai maskini. Kati ya hifadhi na mtaa iko miwa. Kwa hiyo mdudu anayelihudumia boga la mtaani lazima awe amezaliwa mtaani, amekula mtaani na amelala mtaani, na suala zima la uchavushaji wa Ruaha ni suala la nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo mitindo mipya ya ujenzi inapotia wasiwasi. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa kandokando ya barabara husakafiwa uwanja wote kwa saruji au kupangwa matofali, na panapoachwa udongo hupandwa ukoka na vyungu vya maua ya fahari. Macho hufurahi. Lakini mawaridi na hibiskasi zenye petali nyingi zilizosongana ni maua ambayo stameni zake zimegeuzwa petali na wafanyabiashara wa mbegu. Mengi hayana cha kumpa mgeni. Wanja za zamani zilizofagiliwa kila asubuhi, ambazo wapimaji wa usafi walizisifu na wapenda mandhari wakazidharau, zilikuwa makao mazuri ya nyuki wachimbao, kwani hupenda udongo mtupu, mkavu, upatao jua. Kichuguu kilichoachwa pembeni mwa shamba nacho huweza kuwa na kundi la nyuki wadogo wasiouma ndani yake. Hii haina maana kwamba mtu asijenge kwa saruji. Ina maana kwamba kipande cha udongo cha ukubwa wa mkeka kiachwe bila kumwagiwa chochote, upande wa mashariki ikiwezekana, na kisilimwe.

Kuhusu mimea, hakuna haja ya kununua kitu. Kivumbasi, ambacho watu hukipanda mlangoni kufukuzia mbu, kina maua madogo yanayotembelewa na nyuki wa kila umbo tangu asubuhi hadi jioni. Mlonge huchanua kwa kipindi kirefu cha mwaka. Mbaazi zile za muda mrefu huchanua mvua za masika zikiwa zimekwisha, wakati ambapo magugu yamekauka, na hivyo hushika pengo la miezi ya kiangazi kabla miti ya miombo haijaanza kuchanua kuelekea mvua mpya. Pengo hilo ndilo la hatari. Mdudu asiye na chakula mwezi wa Agosti hatakuwapo Novemba kuchavusha chochote. Maji ya kuoshea mboga na nafaka yakimwagwa kwenye kivumbasi na alizeti chache kila siku yatatosha kuvusha kundi dogo. Mboga za majani zikizeeka ziachwe zichanue badala ya kung'olewa zote siku moja. Kadhalika mgagani na mchunga, ambao ni mboga na magugu kwa pamoja. Mmea mmoja wa kuepukwa, ingawa vipepeo huupenda mno, ni lantana. Ulitoka Amerika, ndege husambaza mbegu zake, na karibu na hifadhi mbili za taifa hapafai kuupanda hata kama maua yake yapendeza.

Kilosa ina bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambako mbegu za nafaka, za jamii ya kunde na za alizeti hushughulikiwa. Alizeti ni zao ambalo kila punje yake ya mafuta inategemea punje ya chavua. Itakuwa ajabu kama wilaya hiyo hiyo itafundisha wanafunzi wake uchavushaji kwa mchoro wa ubaoni peke yake, mishale ikitoka stameni kwenda stigma, ilhali boga limechanua mita hamsini kutoka darasani. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa liwe sehemu ya somo. Mahali pengi likageuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Matuta manne ya maboga yangeweza kulirudisha mahali pake.

Jaribio lenyewe halina gharama. Jioni, wanafunzi watafute maua ya kike ya mboga ambayo yatafunguka kesho yake. Ncha zake huwa zimeanza kugeuka manjano. Thelathini yatosha. Kumi yafungwe mifuko ya karatasi jioni hiyo na yabaki yamefungwa mpaka yanywee. Kumi yaachwe wazi na kutiwa alama ya uzi. Kumi ya mwisho yafungwe pia, ila asubuhi yafunguliwe, yapakwe chavua ya ua la kiume kwa mkono, kisha yafungwe tena. Baada ya wiki mbili yahesabiwe yaliyobaki juu ya shina katika kila kundi. Kundi la tatu ndilo lenye siri: likizaa vizuri zaidi kuliko lile lililoachwa wazi, mtaa huo una upungufu wa wachavushaji, na wanafunzi watakuwa wameupima wenyewe. Kipindi cha kwanza cha Baiolojia kwa kawaida huja wakati maua yanakaribia kufumba, kwa hiyo kazi ya mkono ifanywe kabla ya mstari wa asubuhi, yapata saa kumi na mbili na nusu. Mifuko isishonwe kwa vipande vya chandarua cha zamani, kwa kuwa vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, nayo itaharibu hesabu ya shamba zima.